Neno la Siri la Maabara ya Baba Yunis

Ukipanda kutoka Lushoto mjini kwenda Magamba, kabla msitu haujaanza, kuna mwanamke anauza mapeasi na plamsi kando ya barabara. Anayapanga kwenye ndoo ndogo za plastiki na kuyafunika kwa jani la mgomba ili vumbi lisiyaguse. Wanaonunua ni wapita njia: abiria wa mabasi ya Mlalo, watalii, madereva wa malori ya kabichi. Watu wa hapa hawanunui. Wanamsalimu vizuri, wanamuuliza hali, wanapita. Mbele kidogo wananunua mapeasi kwa mtu mwingine, tena yaliyobonyea.

Anaitwa Efrazia Sefania. Mpeasi anaochuma aliupanda baba yake, na nyumba iliyo nyuma ya mti huo ilikuwa ya mama yake. Wote wawili hawapo tena. Kabla ya kuanza kuuza matunda alikaa miaka mingi mapokezi katika Maabara ya Baba Yunis, pale mjini, na kazi ile aliipata kwa sababu ya mdomo wake.

Lushoto ni mji wa watu wanaojuana. Mtu wa mapokezi katika maabara anajua binti wa nani ana mimba, mume wa nani amekutwa na nini, mchungaji gani sukari imempanda. Asubuhi Efrazia alimkabidhi mtu bahasha ya majibu, mchana akakutana naye sokoni, wakazungumza bei ya viazi. Hakuwahi kumtazama mtu kwa jicho la kujua. Wanawake waliambiana, "Nenda siku ambayo Efrazia yupo." Wengine walisubiri hadi arudi kutoka likizo.

Baba Yunis mwenyewe jina lake ni Anord, lakini ukimwita hivyo barabarani watu watageuka kukutazama. Mtu mzima hapa haitwi jina lake, anaitwa kwa mtoto wake. Alikuwa mtaalamu wa maabara wa serikali, akastaafu, akafungua maabara yake. Juu ya mlango aliweka ubao wa bluu ulioandikwa kwa rangi nyeupe: BABA YUNIS 2011, na chini yake, kwa herufi ndogo, Vipimo vya Damu, Mkojo na Choo. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, na baada ya ibada ndiye aliyekuwa mnadi. Sadaka za mazao, yaani mayai, kabichi, ndizi, kuku, zilitolewa nje na kuwekwa juu ya meza, naye akazinadi kwa utani mpaka watu wakanunua viazi kwa bei ya nyama.

Mama yake Efrazia alipofariki kwa ini, Baba Yunis ndiye aliyempima binti. Akakuta virusi vya homa ya ini kwenye damu yake. Alimketisha kwenye kiti cha wagonjwa, akamwambia:

"Mwanangu, usiogope. Hii haikai kwenye sahani wala kwenye mkono. Iko kwenye damu. Fanya kazi, kula na watu, kila mwaka nitakupima. Hakuna atakayejua."

Efrazia aliyashika maneno hayo. Hakumwambia mtu, hata Shamsa.

Shamsa alikuwa muuza vitenge sokoni. Walikua nyumba jirani. Kila Idi sahani ya pilau ilitoka kwa Shamsa kuja kwa Efrazia, na kila Krismasi sahani ilitoka kwa Efrazia kwenda kwa Shamsa. Kwa kuwa sahani hairudishwi tupu, ikafika mahali hakuna aliyekumbuka ipi ni ya nani.

Zamani majibu yalikuwa karatasi. Mgonjwa wa Magoma, kule bondeni, alilipa nauli kupanda mlima kutoa damu, akalipa tena kufuata bahasha. Ndipo Baba Yunis alipomwita Twaha, kijana wa Tanga anayefunga mifumo ya kompyuta. Twaha aliwawekea mfumo wa mtandaoni, majibu yakawa yanasomeka kwenye simu. Wateja wakaongezeka. Efrazia aliingiza kila kitu kwa mkono wake: jina, umri, namba ya simu, kipimo, majibu, na mwisho kabisa jina na namba ya mtu wa karibu, wa kupigiwa likitokea la kutokea. Pale kwenye jina lake mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na mume wala mzazi, mtu wa karibu aliandika Baba Yunis.

Twaha aliwaambia waweke neno la siri moja la mfumo, gumu, lisilotajwa ovyo. Efrazia alitunga la kufungulia mfumo, la herufi na namba zisizo na maana yoyote, akalikariri. Baba Yunis hakulikariri. Siku moja walikuja wageni kutoka hospitali moja ya Korogwe kutazama mfumo, akakaa mbele ya kompyuta, akaandika, ikakataa. Akaandika tena, ikakataa. Ikabidi ageuke, mbele ya wageni, amuulize mtoto wa mapokezi.

Wageni walipoondoka alifunga mlango.

"Umenifanya nibishe hodi kwenye nyumba yangu."

"Nisamehe, baba. Twaha alisema liwe gumu."

"Twaha ana umri gani? Weka neno ambalo mtu mzima analikumbuka."

"Lipi, baba?"

"Kwani mimi naitwa nani?"

Efrazia akaweka babayunis2011. Mzee alifurahi. Alisema sasa hata akisahau, atatoka nje mara moja, atainua macho, atarudi. Twaha alikuwa amefunga pia kitu kingine, namba ya kuthibitisha iliyokuja kwenye simu kila mtu alipofungua mfumo kutoka mahali pageni. Nayo Baba Yunis aliagiza iondolewe, kwa sababu shambani kwake mtandao wa simu ulikuwa wa kubahatisha. Efrazia aliona kwamba si sawa. Alilisema mara moja, kwa upole, akaambiwa, "Mwanangu, nani wa kuja kuiba mkojo?" Hakulisema tena. Mtu aliyekuzidi umri hivyo, aliyekupa kazi, aliyekutunzia siri yako, humwambii jambo mara ya pili.

Asubuhi moja ya kipupwe Efrazia alipokuwa akifagia mlangoni, ujumbe uliingia kwenye simu yake kutoka namba asiyoijua.

"EFRAZIA SEFANIA. Majibu yako ya homa ya ini tunayo. Lipa kwenye namba hii kabla ya Ijumaa au tunamtumia mtu wako wa karibu."

Aliegemeza ufagio ukutani. Hakuogopa kitisho, maana mtu wake wa karibu alikuwa ndani akinywa chai. Aliogopa kwa sababu maneno "mtu wa karibu" aliyajua yalikotoka. Aliingia akampa mzee simu.

"Shikamoo, baba. Tumeibiwa. Si mimi peke yangu. Kama wana majibu yangu, wana ya wote."

Twaha aliitwa, akapanda kutoka Tanga siku hiyohiyo. Alitazama kompyuta kwa muda, akasema mfumo ulifunguliwa kutoka mbali, usiku baada ya usiku, na majina yote yamechukuliwa.

"Hawakuvunja chochote," alisema. "Waliingia kwa mlango. Neno la siri mlilibadilisha? Ni lipi?"

Efrazia alitazama sakafu. Mzee alikohoa. Twaha akatoka nje kutafuta mtandao apige simu, na waliobaki ndani wakamsikia akikatiza maneno ghafla chini ya ubao. Aliporudi alikuwa anacheka bila kupenda.

"Mzee wangu, niambie si lile la ubaoni."

Baba Yunis alianza kupanga karatasi zake.

"Mzee, ukurasa wenu wa Facebook una picha ya huo ubao! Na kila anayeandika pale anaanza na Shikamoo Baba Yunis. Mmeweka kufuli halafu ufunguo mkautundika juu ya mlango." Kisha akaacha kucheka. "Leo hiihii watumieni wateja wote ujumbe. Waambieni majibu yao yameibiwa, wakitishwa wasilipe, waje. Sheria inataka hivyo."

"Sheria iko Dodoma," Baba Yunis alisema. "Mimi niko Lushoto. Nikituma huo ujumbe, kesho naanika nguo humu ndani, maana mteja hataingia."

Alimlipa Twaha vizuri, kupita alichotaja, na wote watatu walijua ile ziada ni ya nini. Twaha akabadilisha neno la siri, akashuka na basi la jioni. Mzee akamgeukia Efrazia.

"Wewe usiseme kitu. Hawa ni matapeli, watu wamezoea matapeli. Itapita."

Usiku ule, na uliofuata, Efrazia alishika simu yake akitazama jina la Shamsa. Alijua majibu ya Shamsa yalikuwa nini. Yalikuwa kaswende, ya zamani kidogo, akadungwa sindano, akapona, ikaisha. Alijua pia mtu wa karibu wa Shamsa ni nani, maana aliliandika jina hilo kwa mkono wake: Hamza, mume wake, dereva wa lori la mboga. Lakini alikuwa ameambiwa asiseme, na kutosema ndiko kulikomfanya awe Efrazia. Akaizima simu.

Shamsa naye alipata ujumbe wake. Aliusoma haraka katikati ya wateja. Kila siku simu za watu wa hapa zinapokea ujumbe wa namna hiyo, mara ile hela tuma namba hii, mara umeshinda gari. Aliufuta akaendelea kupima kitenge. Ijumaa ilipita. Jumamosi Hamza, akiwa Dar es Salaam anashusha kabichi, alitumiwa majibu ya mke wake, yenye jina kamili, kipimo na tarehe. Aliporudi Lushoto hakuuliza swali. Aliweka nguo za Shamsa nje, kwenye matope, akafunga mlango, na watoto walibaki ndani.

Jumatatu Shamsa aliingia maabara akiwa na nguo zilezile za matope. Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye benchi.

"Efrazia, nimekukosea nini?"

"Shamsa, njoo huku ndani tuzungumze."

"Nizungumze ndani kwa nini? Wewe umeshanisemea nje! Nilikuja hapa kwa sababu yako wewe. Ningeweza kwenda Korogwe, asikokuwepo anayenijua. Nikasema hapana, yupo Efrazia, kaburi. Kaburi gani lina simu?"

"Si mimi. Wallahi si mimi, Shamsa."

"Usiape kiapo changu! Basi nani? Mwizi wa mtandaoni wa huko aliko angemjuaje Hamza? Angeijuaje namba yake?"

Baba Yunis alitokea kwenye mlango wa ndani, koti jeupe limefungwa vifungo vyote. Benchi zima likasimama kumwamkia. Efrazia alimgeukia. Ilikuwa nafasi ya kusema neno moja tu, na Efrazia alikuwa na hakika mzee atalisema.

"Marahaba, wanangu, kaeni," mzee alisema. Akamshika Shamsa bega. "Pole, binti yangu. Majibu yako yalijulikana na watu wawili humu ndani. Mimi nimeyatunza majibu ya wilaya nzima tangu hujazaliwa. Sina zaidi ya kusema. Huyu leo ni siku yake ya mwisho."

Akamfuata Efrazia chumba cha nyuma alipokuwa anafungasha vitu vyake. Aliongea kwa sauti ndogo, ya baba.

"Nielewe. Nikianguka mimi, wanaanguka watu wengi. Yunis ana mtoto anasoma kwa pesa ya maabara hii. Wewe huna mume, huna mtoto, aibu yako haina wa kurithi. Ibebe. Na ule ujumbe uliotumiwa ukiutoa ili ujisafishe, utalisafisha jina lakini utauchafua mwili. Sikutishi. Nakushauri."

Efrazia alimwambia ahsante. Ni kawaida kumwambia mtu mzima ahsante anapomaliza kukushauri.

Wengine walitumiwa ujumbe baada ya Shamsa. Kila aliyepata alimlaani Efrazia. Binti mmoja alivunjiwa uchumba, fundi cherehani mmoja akahama mji. Efrazia alipompigia Twaha, simu iliita mpaka ikakata, na baadaye haikuita tena. Mtaani watoto walijifunza kumwita Redio. Wanawake waliokuwa wakichota maji bombani waliacha kuongea alipofika, na mmoja akasema kwa sauti, "Tunyamaze, tunarekodiwa."

Jumapili moja mapeasi yalikuwa yameiva. Efrazia alijaza kapu, akayafuta moja moja kwa kitambaa, akalipeleka sadaka. Wakati wa mnada kapu lilifika mezani, Baba Yunis akalishika kwa mikono miwili kama alivyoshika kila kitu.

"Mapeasi haya! Ya mlimani, matamu, ya sadaka. Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Jamaa mmoja mtani sana, Paskali, anayechekesha kila mnada, alichomoa peasi moja.

"Mnadi, naomba kuonja kwanza. Nasikia kapu hili linaongea. Nikilipeleka nyumbani si litamwambia mke wangu nilikokuwa jana?"

Watu walicheka, wengine mpaka wakashikana. Paskali akaliuma. "Tamu! Lakini linanong'ona!" Wakacheka zaidi. Baba Yunis naye akatabasamu kidogo, kwa adabu.

Efrazia alitoka nyuma ya kundi akaja mpaka mezani. Hakulia. Alimpa simu yake Beatha, kiongozi wa kwaya, ambaye sauti yake husikika hadi barabarani.

"Dada Beatha, nisomee huu. Soma tarehe kwanza."

Beatha alisoma tarehe. Ilikuwa kabla ya ujumbe wa Shamsa, kabla ya wa mtu yeyote. Akasoma, "Efrazia Sefania, majibu yako ya homa..." Akasita, akamtazama.

"Soma, dada."

Akasoma hadi mwisho, na sauti yake haikufika barabarani.

"Mimi niliibiwa wa kwanza," Efrazia alisema. "Kama ningekuwa mtoa siri, ningeanza na yangu? Wezi waliingia kwenye kompyuta kwa neno la siri. Neno lenyewe ni babayunis2011. Lilikuwa ubaoni, mmelisoma miaka yote. Nilikatazwa kuwaambia mjihadhari. Nisameheni kwa hilo, maana nilitii."

Alisimama akingoja, na usoni kwa watu wawili watatu aliona kwamba wameelewa. Wazee walitazamana. Mtu mmoja akasema taratibu, "Ubaoni? Ubaoni kabisa?"

Halafu Paskali akatema. Alitema kipande cha peasi chini, akatema tena mate, akafuta ulimi kwa mkono wa shati.

"Mama yake si alikufa na hiyohiyo?" alisema. "Jamani, nimekula!"

Hapo neno la siri likasahaulika. Watu walirudi nyuma hatua moja, wote pamoja, bila kuagizwa. Waliowahi kununua mayai aliyoleta sadaka huko nyuma wakaanza kukumbuka mayai hayo. Mama mmoja akavuta mtoto wake mkono. Mwingine akamuuliza mnadi, kwa kuwa ndiye mtaalamu:

"Baba Yunis, tuambie wewe. Hii inaambukiza kwa matunda?"

Efrazia alimtazama. Alikuwa anayajua majibu, neno kwa neno, kwa sababu aliyasikia kutoka kinywa kile. Haikai kwenye sahani wala kwenye mkono. Hakumwomba aungame jambo la ubao. Alitaka aseme hilo tu.

Baba Yunis alikuwa bado ameshika kapu. Aliliweka chini, pembeni ya meza, kwenye nyasi.

"Mambo ya kitaalamu hayazungumzwi mnadani," alisema. "Tuendelee."

Akaenda kwenye bomba la kanisa. Akafungua maji, akanawa mikono, mbele na nyuma, katikati ya vidole, kama anavyonawa mtu wa maabara, na watu wote wakamtazama anavyonawa. Aliporudi alishika jogoo mwekundu kwa miguu.

"Jogoo huyu! Nani anaanza?"

Efrazia alibeba kapu lake akapanda nalo nyumbani.

Jioni ile Shamsa alikuja. Habari ilikuwa imemfikia sokoni, neno kwa neno, na ya ubao pia. Hakuingia. Alisimama nje ya uzio wa michongoma, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga.

"Onga mshi, Efrazia," alimsalimu kwa Kisambaa.

"Onga. Karibu ndani, Shamsa."

"Sikai. Nimesikia ulichosema kanisani. Kumbe si wewe." Aliusogeza mzigo kifuani. "Nimekuamini. Nimekuja kukwambia hivyo kwa mdomo wangu, nilikutukana mbele za watu, nisamehe."

Efrazia alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu Jumatatu ile. Alitoka mlangoni akashuka ngazi kumfuata.

"Baki hapohapo," Shamsa alisema haraka. Aliinama, akaweka ule mzigo chini upande wake wa uzio, akaufungua, akairudisha kanga mabegani. Zilikuwa sahani, zimepangwa, zimesuguliwa kwa majivu mpaka maua yake yamefifia. "Hizi zako. Nimezitafuta zote. Nilizoshindwa kuzitambua nimeleta pia."

"Shamsa."

"Na zangu zilizoko kwako," Shamsa alisema, ameshaanza kuondoka, "usizirudishe."